Sayari ya Lava na Kiwanja cha Buhene

Pale Murara, mjini Goma, kwenye kona ambako njia mbovu inakutana na njia mbovu zaidi, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano, na hiyo ndiyo benchi. Perpétue anauza kahawa ya tangawizi hapo kila alasiri, birika likiwa juu ya mbabula ya makaa, na wateja wake wa kudumu ni watatu. Kama wangelipwa kwa maneno, wangekuwa na maghorofa mbele ya ziwa. Wa kwanza ni Twagirimana, anayechaji simu za watu kwa paneli ya jua. Anaitwa Satellite, kwa sababu kila habari inamfikia yeye kwanza, na ikishamfikia haitoki ilivyoingia. Wa pili ni Guylain, fundi mwashi, anaitwa Niveau, yaani pima-maji, na hata kikombe cha kahawa hakinywi kabla hajahakikisha kimekaa sawa. Wa tatu ni Damien Hitimana, zamani mchuuzi wa ng'ombe kutoka milima ya Masisi. Huyu anaitwa Fondation. Nyumba yake ya Buhene, chini ya mlima wa volkano, ilimezwa na lava mlima huo ulipotapika mwaka wa 2021, na kwa miaka mitatu sasa hajamaliza kikombe kimoja bila kutaja msingi atakaouweka upya.

Siku hiyo Hitimana alifika roho juu. Kesho yake asubuhi Guylain alikuwa aanze kazi. Mawe yalikuwa yamekwisha kumwagwa juu ya lava iliyopoa, pale pale nyumba ilipokuwa. Lakini mkewe, Mukamugema, ambaye watu humwita mama Alliance, alikuwa amemwambia asubuhi akifunga kitenge: "Nitapita kwenye benchi yenu saa kumi. Niko na ulizo moja. Ukinijibu, narudi Buhene na wewe, na maji ya kukorogea sima ya ujenzi nitabeba miye mwenyewe. Ukikosa kunijibu, hatuendi." Ulizo lenyewe hakulisema. Hitimana alikuwa ameishi na mwanamke huyo muda wa kutosha kujua kwamba akiwa na maswali kumi anapiga soga, akiwa na moja jiandae.

— Munisaidie, wandugu, alisema kabla hajaketi. Munazani ataniuliza nini?

— Maji, alijibu Niveau papo hapo. Kule Buhene maji ni shida. Mwambie nitamujengea citerne ya kushika mvua.

— Maji anajua. Hawezi kuacha kazi zake sababu ya maji.

— Basi atauliza mazuku, alisema Perpétue.

Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni kimya kimya. Mbuzi anainamisha kichwa kula majani, hakiinui tena.

— Kwetu Buhene mazuku haikukuwako, alisema Hitimana, ingawa hakuwa na hakika. Satellite, na wewe? Mbona umenyamaza?

Satellite alikuwa ameinamia simu, uso wa mtu aliyebeba habari kubwa anayesubiri kuombwa. Sasa alikuwa ameombwa.

— Wamepata sayari yenye yote ni lave, alisema.

Niveau aliacha kikombe chake kikiwa kimeinama.

— Wapi? aliuliza Niveau.

— Mbali. Kwa étoile ingine kabisa, nyota yenye haiko hii jua yetu. Upana wake ni kama dunia yetu mara mbili, na udongo hauko. Ni lave tu, nyekundu, inachemka. Wana-science wanashangaa.

— Wanashangaa nini? Niveau alifoka kana kwamba ametukanwa yeye. Mutu anashangaa lave namna gani? Wangekuya hapa tuwaonyeshe!

— Wandugu, alisema Hitimana, mama Alliance anakuya saa kumi.

— Njo maana nakuambia! alisema Satellite. Hii habari itakusaidia. Ngoja kwanza usikie. Mwaka wa kule ni masaa dix-huit.

— Siku, unataka kusema, alisema Niveau.

— Mwaka! Iko karibu sana na jua yake, inaizunguka mbio mbio. Masaa dix-huit, kumi na nane hivi, mwaka umeisha, bonne année, inaanza tena.

Perpétue aliacha kumimina kahawa.

— Kila siku sikukuu ya bonne année? Na nani atapika?

— Kule mutoto anaingia maternelle, shule ya wadogo, jumatatu, alisema Satellite, wiki ya pili yake analeta diplôme.

— Na minerval ya masomo ya kila mwaka utalipa na nini, kila siku? alisema Perpétue. Sikuyi kule. Hata kwa bure sikuyi.

— Miye napenda kule, alisema Niveau akikiweka sawa kikombe chake gotini. Nyumba zangu nazipa garantie ya miaka kumi. Kule wiki moja na kidogo, garantie imeisha. Ikianguka, musinitafute.

Satellite alikuwa anapiga hesabu kwenye simu kwa kidole gumba.

— Muzee Fondation, uko na miaka ngapi?

— Cinquante-six, hamsini na sita.

— Kule uko na zaidi ya vingt-sept mille, elfu ishirini na saba.

— Yesu! alisema Perpétue. Miaka yote ile, na bado anapanga nyumba ya watu!

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Hitimana naye alicheka, maana mtu asiyecheka kwenye benchi ile hurudishiwa utani ule ule kwa mwezi mzima. Lakini ulimchoma. Ilikuwa kweli kwamba yeye na mkewe walikuwa wamebanana kwenye chumba kimoja nyuma ya nganda, baa ya mtaani, wakisikiliza muziki wa watu wengine, na kila asubuhi aliamka akiwa na hamu ya mlango wake mwenyewe kama mtu mwenye kiu.

— Tuwache mchezo, alisema Niveau. Miye kule naona chantier, kazi ya kujenga. Lave ikishapoa haiombi fondation. Imeshamwagwa, bure, na Mungu mwenyewe. Unapima, unavuta kamba, unapandisha ukuta.

— Haipoi, alisema Satellite.

— Kila lave inapoa. Ile ya 2002 watu waliijengea juu ingali inatoa moshi. Miezi tatu. Ikizidi sana, sita.

— Nakuambia haipoi! Jua yake iko karibu nayo kama hii mbabula na goti lako. Na tena, wanafikiri inaonyesha jua upande moja tu. Upande huu muchana hauishi, upande ule usiku hauishi.

— Basi najenga upande wa usiku.

Hapo ndipo unamjua mtu wa Goma. Mtu wa mahali pengine akisikia lava huuliza akimbilie wapi. Wa Goma huuliza itapoa lini, maana macho yake yameshaona kiwanja. Tumejenga juu ya lava, tumeizungushia ua wa lava, na watoto wetu wanachongea penseli juu ya lava. Sayari nzima ya kitu hicho, haina mwenyewe, haina jirani wa kukuhamishia mpaka! Hata Hitimana alijikuta anawaza ni upande gani ungefaa kwa ng'ombe.

— Kupika kwake sasa, alisema Perpétue, ambaye alikuwa ameanza kubadilika. Unapeleka sufuria inje, maharagi inaiva haujarudi ndani kuchukua chumvi. Makala ya kupikia nani atanunua tena? Walinzi wa pori ya parc kule Rumangabo watapumzika, hakuna wa kukata miti.

— Sufuria yenyewe itayeyuka, mama.

— Nitaipika haraka.

— Lakini hamujaniacha niseme habari yenyewe, alilalamika Satellite. Jambo mpya ni hii: wanafikiri ile sayari iko na hewa.

— Hewa inatoka wapi, na kila kitu inaungua?

— Inatoka mule mule ndani ya lave. Inachemka, inapumua. Gaz carbonique, hewa ya kaboni, na ndugu zake.

Perpétue aliweka birika chini.

— Hiyo si mazuku?

Satellite alikuwa amesoma habari ile mara mbili, na jambo hilo halikumpitia kichwani hata mara moja.

— Ni... eeh. Ni kama mazuku.

— Wametuma lunettes kubwa ya kuangalia mbali kule juu ya mbingu kutafuta mazuku? aliuliza Perpétue. Mbuzi ya dada yangu, kwenye njia ya Sake, iliipata bila lunettes.

— Waliijulia wapi, na ni mbali vile? aliuliza Hitimana. Hakutaka kuuliza. Swali lilimtoka.

Satellite alifurahi, alikuwa anapenda kufundisha kuliko kula. Akamvuta Hitimana karibu na mbabula.

— Weka mukono hapa. Unasikia? Upande wenye kuangalia moto unaungua, upande wa nyuma uko baridi. Sasa ile sayari waliipima joto, na upande wenye kuangalia jua walikuta joto iko chini ya vile walikuwa wanawaza. Joto imeenda wapi? Perpétue, punga kidogo.

Perpétue alishika kifuniko cha sufuria, akapunga kwa nguvu za mtu anayetaka kuwasha makaa mabichi. Cheche ziliruka, na Niveau naye akaruka.

— Umeona? Joto imehamia kwa Niveau. Kama joto inahama, iko kitu yenye kuihamisha. Ni upepo. Na upepo bila hewa hauko. Njo vile waliwaza, bila kufika.

— Suruali yangu, alisema Niveau.

— Suruali imekufa kwa science.

Simu ya Satellite ikalia mlio mdogo wa huzuni.

— Batterie imebaki quatre pour cent, nne tu kwa mia, alisema. Sababu ya mawingu, leo paneli haijala kitu. Muangalie namna batterie inatunzwa: unapunguza mwanga wa kioo, unaweka mode avion, simu inaacha kutafuta réseau ya kupigiana, inatulia.

— Yangu imetulia tangu jana, alisema Perpétue. Ilianguka ndani ya bidon ya maji. Nimeizika kwa muchele.

— Itoshe mule leo leo! Muchele haunyonyi maji vile watu wanasema. Vumbi yake njo inaingia kwa fasi ya kuchajia, inaziba. Izime, tosha carte SIM, pangusa, uiache kwa fasi yenye upepo, siku mbili. Usiiwashe kwa kujaribu.

— Na ule muchele?

— Ule muukule.

— Sikieni, alisema Niveau, ambaye alikuwa amekaa upya, mbali na makaa, na wazo lilikuwa limemwingia. Kama sisi tunawaona wale wa kule, na wao wanatuona. Wanaangalia mulima wetu vile unawaka, wanaandika kwa habari zao: tumepata sayari yenye yote ni lave. Wanashangaa!

— Basi wanaona na Murara, alisema Perpétue akivuta kitambaa chake cha kichwa kikae vizuri.

— Wanaona, lakini haiko ya leo, alisema Satellite. Mwanga unatembea. Unatembea mbio kupita kitu yote, lakini ni mbali: kutoka kule mpaka hapa, miaka quarante et un, arobaini na moja. Mutu wa kule akiangalia leo, anaona Goma ya zamani, Fondation angali mutoto anachunga ng'ombe ya baba yake Masisi.

Hitimana aliweka kikombe chini.

— Rudia.

— Mwanga unachelewa. Unaona kitu vile ilikuwa wakati mwanga ulitoka. Haiko vile iko sasa.

— Na mutu mwenye kuwa karibu zaidi? Étoile yenye kuwa jirani yetu?

— Ile ya jirani kabisa? Miaka nne na kidogo.

Hitimana alihesabu kwa vidole. Mlima ulitapika miaka mitatu iliyopita. Akahesabu tena, polepole, kwa mkono wa pili.

— Basi kule, alisema, leo hii, nyumba yangu ingali imesimama.

Satellite alifikiri, akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, kama yuko mtu huko, na kama ana lunettes za kutosha, anaiona. Hitimana aliiona naye. Aliuona mlango aliokuwa ameupaka rangi ya bluu, mabati aliyoyapandisha mmoja mmoja, na mkewe akianika mtama kwenye mkeka, akifukuza kuku kwa mguu bila kugeuka. Alitamani kulia mbele za watu, na hakuona aibu.

— Njo hiyo! alisema Niveau kwa sauti ya chini. Ukimwambia hiyo, hana ulizo tena. Mwambie nyumba haikukufa. Iko njiani.

— Mwambie science imesema murudi, alisema Satellite.

Science haikuwa imesema kitu kama hicho, lakini kwenye benchi ya Murara husemewa mengi.

Saa kumi ilikuwa imepita kidogo Mukamugema alipotokea, mwanamke mrefu, mwembamba, kikapu kichwani, anatembea juu ya mawe bila kuangalia chini.

— Muko aje?

— Tuko, mama. Karibu, ukae.

— Aksanti, sikai.

Hitimana hakungoja. Alimweleza habari yote, mwanga, étoile ya jirani, mlango wa bluu. Mukamugema alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha kikapu chini.

— Ni vizuri, alisema. Nimefurahi kwamba iko mutu anaiona. Sasa ulizo yangu, Papa Alliance, ni fupi. Tukirudi Buhene, usiku, wakati umelala, nani atakuwa anaangalia mulima?

Wanaume walipumua. Walikuwa wamejiandaa kwa jambo gumu.

— Mama, hiyo ni nyepesi, alisema Satellite. Iko watu wa observatoire, kazi yao ni kuangalia. Na miye nitawawekea alerte kwa simu. Mulima ukianza kusumbua, simu inalia.

— Na batterie ikiisha?

— Unapunguza mwanga, unaweka mode... Satellite alianza, akaitazama simu yake. Ilikuwa katika mode avion tangu zamani. Hata mkewe angempigia asingempata. Akaiingiza mfukoni.

— Miye nitaweka mulango mukubwa upande wa ziwa, alisema Niveau. Mutatoka mbio.

— Nani atawaamsha wenye kutoka?

— Fugeni imbwa, alisema Perpétue.

— Tulikuwa nayo. Siku ile ilitangulia Goma, hatujaiona tena.

Hitimana alisimama. Aliona wote wamemtazama, na akaona hii ndiyo nafasi yake.

— Miye, alisema. Miye njo nitaangalia.

Mukamugema alimtazama kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko hasira.

— Papa Alliance. Ile samedi ya lave ulitoka kwa ndoa ya mutoto wa jirani Uwitonze, pombe ya kasiksi imekuingia vizuri, ukalala giza haijashika. Inje watu wanalia, mbingu nyekundu, miye nakuita, wewe unakoroma. Nilikumwagia bidon muzima ya maji. Ukafungua macho ukaniambia tôles za paa zinavuja.

Kwa miaka mitatu benchi ilikuwa imesikia jinsi Hitimana alivyouona moto wa kwanza, akachukua taa, akaitoa jamaa yake yote mstari mmoja. Niveau alikohoa ndani ya kikombe. Perpétue aligeuka kuangalia makaa yasiyohitaji kuangaliwa.

— Sikukasirika, alisema Mukamugema. Mutu mwenye kulala hana kosa. Lakini tangu siku ile miye silali. Hata hapa Murara. Natoka inje, naangalia kule juu kama nyekundu imeongezeka, narudi, wewe unageuka upande wa pili. Hapa mulima uko mbali kidogo, naweza. Kule siwezi. Nitakufa na usingizi. Njo ulizo yangu. Kama iko mutu wa kuijibu, twende hata leo.

Hitimana alikuwa amemsikia. Usiku mwingi alikuwa amesikia kitanda kikipanda, mlango ukilia, baridi ikiingia, na akavuta blanketi upande wake akidhani mkewe ameenda msalani. Hakuwahi kumwuliza. Aliona aibu kuliko alivyopata kuona maishani, na pamoja na aibu akampenda mke wake.

Satellite, ambaye dakika chache kabla alikuwa ameeleza joto la sayari kwa mbabula, alikuwa anasugua kioo cha simu iliyozimika.

— Niveau, alisema Hitimana, kesho usianze.

— Na mawe? Imeshamwagwa.

— Ni mawe. Itangoja.

Niveau alikubali kwa kichwa. Ilikuwa kazi yake iliyokuwa inaondoka, lakini hakubisha. Hitimana akamgeukia mkewe.

— Leo usiku miye njo naangalia. Weye ulale.

— Utalala, Papa Alliance.

— Silali.

— Utalala. Nakujua.

Hitimana alifikiri. Leo ukweli ulikuwa umeshaanza kutoka, akaona auendeleze.

— Nikilala, alisema, uniamshe.

Mukamugema alijaribu kukaza uso, haukukazika. Kicheko kilianzia mabegani, kikashuka, mpaka akakosa nguvu za kusimama, akaketi kwenye ubao katikati ya wanaume, na Satellite akasogea kumpa nafasi. Perpétue aliinamisha birika, likatoa matone mawili na machicha ya tangawizi. Hitimana akampa mkewe kikombe chake mwenyewe, kilichokuwa kimeshapoa, naye akakinywa chote.